Mgongo kwanza, hela baadaye (kwa anayetaka kununua picha ya mzimu wa kabuki, michezo ya kuigiza ya Kijapani)

Mkuu USILIPE. Umeuliza kama uinunue: chapa ya mbao (picha iliyopigwa chapa kwa ubao uliochongwa) ya mchoraji Mjapani Hokuei, mzimu wa Oiwa, mwanamke wa kwenye mchezo wa kabuki, unatokea kwenye taa ya karatasi, 1832, iko ndani ya fremu, euro 480, na muuzaji anakwambia fremu ikifunguliwa thamani inashuka? Hayo maneno mimi niliambiwa vilevile na yalinitoa euro 650.

Yangu ilikuwa ya mchoraji mwingine, Kuniyoshi, 1851, mwigizaji Ichikawa Kodanji wa Nne akiigiza mzimu wa Asakura Togo, yule mkuu wa kijiji ambaye kwenye mchezo anasulubiwa kwa kumpelekea shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, malalamiko ya kodi. Mzee wa duka kavaa glavu nyeupe, anaongea taratibu kama yuko msibani. Na mimi mjuaji nilishaangalia video ya jamaa mmoja anasema kagua mihuri ya wakaguzi wa serikali, ukiona miwili ya duara pamoja basi ni ya kati ya 1847 na 1852. Nikaiona yote miwili, nikalipa mkono unatetemeka kwa furaha. Sasa hilo la mihuri ni kweli kabisa, ila yule bwana na kamera yake ya bei mbaya hakusema kwamba anayenakili picha ananakili na mihuri! Ukipiga fotokopi noti ya elfu kumi, namba si zinakuja nazo?

Ikakaa sebuleni miaka miwili, kila mgeni anapigwa lekcha. Siku msumari ukang'oka, kioo chini, nikaitoa karatasi nikaigeuza. Mgongo mweupe pe, kama A4 ya stationari. Kuja na lenzi, vidoto vya rangi vimejipanga kama picha ya gazeti. Mke wangu akauliza, "Sasa hapo mzimu ni nani?" Nikajifanya naokota vioo.

Chapa ya kweli, karatasi ya magome ya mforosadi inalazwa juu ya ubao wenye rangi, halafu mchapaji anasugua kwa nyuma na kipedi cha duara kilichofunikwa ganda la mwanzi, kwa hiyo rangi inazama, ukigeuza unamwona mzimu amevujia upande wa pili, na ukimulika kwa pembeni unaona michirizi ya kusugua. Ndo maana nasema mgongo kwanza, hela baadaye. Akigoma kufungua fremu, muage. Na hata ukiona rangi imevujia mgongoni usikurupuke, kuna zilizochongwa upya kwenye mbao miaka mingi baadaye na zinavuja vilevile, hizo ingia tovuti ya British Museum au ya makumbusho ya Boston ulinganishe mstari kwa mstari, anza na nywele pale zinapootea kwenye paji la uso, wanaonakili huwa wanaboronga hapo.

Uliuliza pia kioo cha kuzuia jua na yale maandishi ya pembeni yanasemaje… aah, afungue fremu kwanza.