Una Ndugu Dar na Bado Unalala Hotelini? Ndiyo, na Sioni Haya

Dada mmoja wa Singida aliniandikia wiki iliyopita baada ya kuona picha za safari yetu ya Dar es Salaam. Alikuwa na maswali mawili. La kwanza, hoteli ile ni shilingi ngapi na niliipataje. La pili aliliweka chini kabisa ya ujumbe: "Dada, mume wangu ana kaka yake Mbagala. Tukienda tukalala hotelini si tutaonekana tunaringa?"

Mdogo wangu, pamoja na wengine wote mnaowaza hivyo hivyo ila hamsemi, naanza na hilo la pili. Bei ya chumba utaulizia kwa simu na utajibiwa. Hili lingine hakuna mhudumu wa mapokezi atakayekujibu.

Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, nina duka la vifaa vya ofisi, na ndugu Dar ninao tele. Shangazi yuko Tandika, wifi yuko Tabata, mabinamu wamejaa Kimara. Kwa miaka yote Dar kwangu ilikuwa ni msiba, hospitali, au kufuata mzigo Kariakoo. Unashuka basi usiku umevimba miguu, unafika kwa mtu, watoto wanaondolewa kitandani walale chini ili mgeni apate godoro. Asubuhi unaamka kabla ya wenyeji usije ukawachelewesha bafuni. Mchana unaletewa kuku, na wewe unajua kabisa kuku yule kakopwa. Sitaki mtu anisome vibaya: ukarimu ule ndio ulionilea, na shangazi yangu akiniita leo usiku nitakwenda. Ila mapumziko yale hayakuwa mapumziko, wala kwangu wala kwa mwenye nyumba.

Kilichobadilisha mambo ni treni. SGR, ile treni ya reli ya kisasa, ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024, safari iliyokuwa inakula siku nzima kwa basi ikawa ya saa tatu na ushee, hadi nne. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Mtu wa duka kama mimi, ambaye siwezi kufunga wiki nzima, nikaona kumbe naweza kuondoka Ijumaa na Jumatatu asubuhi nikafungua. Nikamwambia mume wangu: twende Dar na watoto, tusiende kwa shida ya mtu, twende kutembea tu. Na tulale hotelini.

Tulikwenda. Tukafurahi. Kisha maneno yakaanza.

Ilikuwa kwenye sendofu ya binamu yetu, ukumbini, watu wameshapendeza. Nimekaa meza moja na wifi yangu. Akanyanyua sauti makusudi ili meza ya jirani isikie: "Hawa siku hizi ni watu wa hotelini. Nyumba zetu sisi zina kunguni." Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, nikamalizia soda yangu, nikaenda kutoa zawadi kama wengine. Lakini ile kauli ya kunguni ninayo mpaka leo. Nyumba ile ya Tabata, bati lake la sebuleni nimelichangia. Sikuwahi kulitangaza ukumbini.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la kuringa. Anayeringa hutoka bila kuaga, akaonekana mtandaoni. Safari ya mwezi uliopita, kabla hata sijakata tiketi, nilimpigia shangazi simu. Nikamwambia: Shangazi shikamoo, tunakuja Ijumaa, tutalala hoteli ya mjini, Jumamosi mchana tunakula kwako. Akanyamaza kidogo, akasema sawa mwanangu. Tukamfikishia zabibu za Dodoma, karanga, dumu la mafuta ya alizeti, na bahasha. Tukala, tukacheka, tukaondoka kabla giza halijaingia, na usiku ule hakuna mtoto wake aliyelala chini kwa ajili yetu.

Halafu nikafanya jambo ambalo nawashauri wote mlifanye. Jumapili nilimwalika shangazi hotelini kwa kifungua kinywa. Hoteli nyingi za kiwango cha kati zinaruhusu mgeni wa nje ale pale kwa kulipia kichwa chake. Niliulizia mapokezi usiku wa kuamkia siku hiyo, wakamwandika. Alikuja na kitenge chake kipya. Mezani kulikuwa na mihogo, viazi vitamu, maharage, chapati, supu ya kuku, tikiti maji, uji wa ulezi kwenye chombo cha moto. Pembeni kijana mwenye kofia nyeupe anakaanga mayai mbele yako. Akamuuliza, "Mama, yai lako unalipenda vipi, nikutilie hoho na kitunguu?" Shangazi akamtazama, akageuka kunitazama mimi, akasema, "Mimi huwa nauliza wengine." Akataka hoho, kitunguu, na nyanya. Alikunywa chai vikombe vitatu bila kunyanyuka kwenda kumhudumia mtu yeyote. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia wifi simu akiwa bado pale mezani, akamsimulia. Mimi sikuomba lolote.

Haya, sasa hoteli yenyewe.

Kwa Dar, chumba safi cha watu wawili kwenye hoteli ya kisasa ya kiwango cha kati, yaani si lodge ya uchochoroni na si zile za ufukweni za wenye nazo, ukiwa na laki moja hadi laki mbili kwa usiku utapata. Kwa pesa hiyo unatarajia kiyoyozi kinachofanya kazi, maji ya moto, shuka nyeupe, lifti, intaneti, na mlango wa kufungua kwa kadi. Kadi ile ile unaichomeka kwenye kidude cha ukutani ndipo umeme unawaka. Waelezeni watoto mapema, wangu aliichomoa akachezee korido, baba yake akabaki gizani bafuni na sabuni usoni.

Usitafute hoteli kwa ajili ya bwawa la kuogelea. Bwawa linapandisha bei, na watu wa wikiendi mnashinda nje. Tafuta mahali. Sisi hupenda mjini, pale Posta na Kisutu, kwa sababu kutoka stesheni ya SGR ni bajaji ya muda mfupi, na ukishafika unatembea kwa miguu. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 iko pale Samora, unawaeleza watoto habari za babu zetu walioburutwa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, vita ya wakubwa. Unashuka hadi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Binti yangu alisoma habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale anayefanana na binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 na maswali yake hayajaisha mpaka leo. Jioni mnakwenda Feri kutazama pantoni zikivuka Kigamboni, mnakula samaki wa kukaanga. Jueni tu kwamba Jumapili mjini kunapoa, maduka mengi yanafungwa. Mimi ukimya huo naupenda. Mwenye kutaka makelele na kununua atafute Kariakoo, ila huko aombe chumba cha juu, upande usiotazama barabara, maana mikokoteni na spika za wauza nguo haziulizi kama umelala. Sinza kuna lodge za bei nafuu na muziki usiku kucha. Na watoto, hapana.

Ukishapata jina la hoteli, piga simu. Picha za mtandaoni zisikushike macho, piga simu. Uliza mambo haya: bei ni pamoja na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na kifungua kinywa? Kifungua kinywa ni cha watu wangapi? Watoto wa umri huu mnawachaji? Umeme ukikatika jenereta inawasha na kiyoyozi au taa tu? Chumba kiko upande gani wa jenereta? Maji yanatoka muda wote? Anayejibu kwa uvumilivu, hoteli yake mara nyingi ina utaratibu. Anayekujibu "we njoo tu utaona", usiende.

Na wakikutajia bei kwa dola, wakumbushe kwa upole kwamba kanuni zilizoanza kutumika mwishoni mwa Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipia huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni. Uliza kwa shilingi, lipa kwa shilingi, omba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ni haki yako.

Neno haki limenikumbusha hoteli moja, jina naliacha. Tulikuwa tumeshalipa nusu. Nimefika mapokezi nimejifunga khanga juu ya gauni, mkononi nina kikapu cha chakula cha watoto. Dada wa pale hakunisalimia. Alinitazama juu mpaka chini akasema, "Lodge ziko mtaa wa nyuma." Mume wangu alitaka tuondoke. Mimi nikatoa simu, nikamwonyesha muamala, nikamwambia naomba kumwona meneja. Meneja akaja, akaomba radhi, tukapewa ufunguo. Chumba kikawa dirisha linatazama bomba la jenereta. Nikashuka tena. Nikasema sikulipia moshi. Tukahamishiwa ghorofa ya juu, upande wa bahari. Usiku ule niliketi dirishani hadi saa sita natazama taa za bandarini, na hasira haikuwa imeisha.

Najua wengi wetu pale tungekaa kimya. Tunaona aibu, tunajiambia labda hapa si mahali petu. Jamani, pesa yako uliyoipata kwa kuuza kalamu na karatasi ina thamani ile ile ya mtu mwenye suti. Ongea kwa adabu, taja ulichokilipia, na usiondoke pale kaunta mpaka upate jibu. Kagua chumba kabla hujafungua begi: fungua bomba la maji ya moto, bonyeza kiyoyozi, funua shuka, tazama dirisha. Kitu hakifanyi kazi, shuka chini saa hiyo hiyo. Ukisubiri asubuhi utaambiwa mbona umelala.

Na hili nalisema kwa wake na waume. Kila mwaka tunachangia harusi, tunachangia sendofu, kadi zinagongana mlangoni, laki inatoka hapa na laki inatoka pale, na hatulalamiki kwa sababu ni utu. Lakini ikifika zamu ya kupumzika na watoto wetu usiku mbili, tunaanza kutafuta ruhusa. Tunaogopa wifi atasema nini. Atasema. Mimi wangu kasema ukumbini, na bado nimerudi Dar, na nitarudi tena Mungu akipenda. Weka elfu tano tano kwenye kibubu au kwenye simu, usiiguse. Nenda na watoto wako wakiwa bado wanataka kushika mkono wako barabarani.

Sasa mdogo wangu wa Singida, kwako wewe. Treni hii ya SGR haijafika kwenu, kwa hiyo mtapanda basi hadi Dodoma kwanza. Acheni nafasi ya kutosha katikati, stesheni mizigo inapita kwenye mashine na geti halimsubiri mtu. Vitambulisho mbebe vyote, hoteli nayo itavitaka. Mkifika Dar mapema chumba kitakuwa bado, wengi hukabidhi kuanzia saa nane mchana, hivyo acheni mabegi mapokezi mkazunguke. Siku ya kuondoka fanyeni vivyo hivyo. Chakula cha mchana kwa shemeji yako kiwe Jumamosi, na mtoke Mbagala kabla ya saa kumi, Barabara ya Kilwa ikishajaa mtaingia hotelini watoto wamelala mapajani. Majina ya hoteli ninazoziamini nitakutumia kwenye simu. Na ile simu ya kumwambia shemeji kwamba hamtalala kwake aipige mumeo mwenyewe, mapema, kabla ya tiketi.