Panga saa zako za mafunzo mapema, leseni isije ikakukimbiza

Wiki tatu kabla ya leseni kwisha ni wakati mbaya kuliko wote wa kujifunza chochote. Mwanasaikolojia, mnasihi au afisa ustawi wa jamii aliyechelewa hufungua kozi zilizorekodiwa, huziendesha kwa kasi maradufu huku akijaza mafaili ya wateja, hujibu maswali kumi ya mwisho, huchapa cheti na kuhamia kozi inayofuata. Saa 20 za mafunzo ambazo bodi inazitaka ili ihuishe leseni zinatimia ndani ya siku chache. Bodi inaridhika. Jumatatu inayofuata, mteja mwenye sonona anaketi mbele ya mtaalamu yuleyule wa mwaka juzi.

Saa hizo utazilipia kwa vyovyote vile, kwa muda na kwa fedha, kwa hiyo afadhali zikuachie kitu.

Kanuni zisome mwenyewe

Kaa nusu saa na kanuni za bodi yako. Zisome zilivyoandikwa, maana mwenzako wa ofisi ya pili anazikumbuka zilivyokuwa alipojisajili. Andika kwenye ukurasa mmoja: kipindi ni cha mwaka mmoja, miwili au mitatu, kinaanza tarehe gani hasa, saa moja inahesabiwa kuwa dakika 60 au 50, ni saa ngapi lazima ziwe za ana kwa ana au mubashara, mada zipi ni za lazima, saa za ziada zinavuka kwenda kipindi kijacho au zinapotea, mtoa mafunzo anatakiwa awe ameidhinishwa na nani, na vyeti vitunzwe miaka mingapi.

Kanuni hizi zinatofautiana sana. Bodi ya jimbo la California inayosimamia wanasihi na watabibu wa ndoa na familia inataka saa 36 kila miaka miwili, na 6 kati ya hizo ziwe za sheria na maadili. Jimbo la Washington lilipitisha sheria mwaka 2012 ya kuwataka wataalamu wa afya ya akili wapate mafunzo ya tathmini na tiba ya hatari ya kujiua. Uingereza, baraza la HCPC linalosajili wanasaikolojia watoa huduma halihesabu saa kabisa. Linataka kumbukumbu endelevu za ulichojifunza na jinsi kilivyomfaa mteja, kisha wakati wa kuhuisha usajili huchagua kwa bahati nasibu asilimia 2.5 ya wanataaluma ili wawasilishe ushahidi wao. Mtu aliyezoea mfumo wa kwanza akihamia wa tatu na bahasha ya vyeti mkononi, atagundua kwamba vyeti peke yake havimtoshi.

Wanaokwama kwenye ukaguzi mara nyingi walisoma vizuri tu. Kinachowaangusha ni karatasi. Jina la kwenye cheti halifanani na la kwenye leseni, hasa baada ya ndoa. Cheti hakina namba ya idhini ya mtoa mafunzo. Kozi ilikamilika siku moja baada ya kipindi kufungwa. Webina iliyotazamwa baadaye kwa kurekodiwa imeandikwa kuwa mubashara. Kozi ileile imerudiwa mara mbili katika kipindi kimoja. Au mtu amedai saa zote 12 za kongamano ilhali sahihi zake za mahudhurio zinaishia kabla ya chakula cha mchana.

Dawa yake ni kuhifadhi siku ileile. Cheti, ratiba na ukurasa wa malengo ya kozi viingie kwenye folda moja, jina la faili lianze na tarehe, kisha idadi ya saa, kisha mada. Nakala ya pili ikae mahali pengine. Ukiandika tafakari ya ulichojifunza, usiweke humo jina wala maelezo yatakayomtambulisha mteja, kwa sababu faili hilo linaweza kusomwa na mkaguzi usiyemjua.

Mada itoke kwenye mafaili yako

Wengi huchagua kozi kwa kuvutiwa na kichwa cha tangazo, au kwa kupenda mada. Ukipenda mada, kuna uwezekano mkubwa tayari unaijua. Kujipima kwa hisia nako hakusaidii. Mwaka 2012, Walfish na wenzake waliwauliza wataalamu 129 wa afya ya akili wajilinganishe na wenzao. Robo yao walijiweka kwenye asilimia kumi ya juu kabisa, na hakuna hata mmoja aliyejiona yuko chini ya wastani.

Kwa hiyo acha mafaili yaseme. Chukua ya wateja 30 wa mwisho. Weka alama kwa walioacha kuja kabla ya kikao cha tatu. Weka alama nyingine kwa wale ambao alama zao hazikusogea: ukitumia PHQ-9, dodoso la kupima sonona lenye alama 0 hadi 27, angalia nani hakushuka hata alama 5 kufikia kikao cha nane. Ya tatu ni ya wale uliowapeleka kwa mwenzako kwa sababu hukujua la kufanya. Ya nne ni ya siri kidogo: wale ambao ukiona majina yao kwenye ratiba ya asubuhi moyo unakuwa mzito. Ukimaliza, mara nyingi utaona alama zimerundikana sehemu moja. Pengine ni wenye uraibu, pengine vijana wanaoletwa na wazazi bila hiari yao, pengine waliofiwa. Hapo umepata mada yako kubwa ya mwaka.

Kama una saa 20, ipe mada hiyo 10. Saa 3 ziende kwa maadili na sheria, 3 kwa hatari ya kujiua hata kama bodi hailazimishi, na 2 kwa mabadiliko ya uainishaji wa magonjwa. Mbili zinazobaki soma unachopenda, hakuna dhambi. Mgawanyo mbaya zaidi ni kozi 20 za saa moja moja juu ya mambo 20, kwa sababu hakuna ujuzi wa tiba unaoingia mkononi kwa saa moja.

Hizo saa 2 za uainishaji usizidharau. ICD-11, mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022, na DSM-5-TR, mwongozo wa magonjwa ya akili wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, ilitoka mwaka huohuo. Yote miwili inatambua ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu, lakini kwa mtu mzima ICD-11 inataka iwe imepita angalau miezi 6 tangu msiba na DSM-5-TR inataka 12. Kiwewe changamani, ambacho mara nyingi hutokana na matukio ya kutisha yaliyojirudia, kina utambuzi wake katika ICD-11, ila hakina katika DSM. Mtaalamu asiyejua tofauti hizi ataandika ripoti moja kwa mfumo mmoja, na mwenzake atakayeipokea ataisoma kwa mfumo mwingine.

Kulisoma tangazo la kozi

Anza na malengo. Lengo linalosema mshiriki "ataelewa kiwewe" halipimiki, na mara nyingi hata mkufunzi hajui atafundisha nini. Lengo zuri hutaja kitendo: mshiriki ataweza kutofautisha hiki na kile, ataweza kuandaa mpango wa kukabiliana na kichocheo fulani hatua kwa hatua. Kisha tafuta mahali kozi inaposema mbinu hiyo haimfai nani. Mbinu isiyo na mtu isiyemfaa ni biashara. Angalia pia muda wa mazoezi ndani ya ratiba: siku nzima ya saa 6 yenye dakika 30 tu za mazoezi ni hotuba.

Mbinu ikipendwa sana, uliza ililinganishwa na nini. Vikao vya mara moja vya kuwasimulisha watu tukio la kutisha siku chache baada ya kulipitia vilifundishwa kwa miaka mingi kwa nia njema kabisa. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, ya mwaka 2002 hayakupata ushahidi kwamba vinazuia msongo wa baada ya kiwewe, na jaribio moja lilionyesha kwamba vinaweza kuongeza hatari. Mikataba ya maandishi ambayo mteja anasaini kwamba hatajiua nayo haina ushahidi wa kumlinda, lakini bado ipo kwenye mafaili mengi. Aliyejifunza hayo zamani na hakurudi darasani bado anayafanya kwa dhati.

Warsha ikiisha ndipo kazi inapoanza

Mwaka 2004, Miller na wenzake walichapisha jaribio la mafunzo ya mahojiano ya kuhamasisha, mbinu ya kumsaidia mteja atafute mwenyewe sababu za kubadilika, kwa wataalamu 140 wa tiba ya uraibu. Wapo waliopata warsha peke yake, wapo walioongezewa maoni juu ya rekodi za vikao vyao, wapo walioongezewa vikao vya kuelekezwa na mkufunzi, na wapo waliopata vyote. Maoni na maelekezo vilipandisha ujuzi zaidi ya warsha tupu. Jambo la pili ndilo linaloniuma zaidi: jinsi wataalamu walivyojisifia ujuzi haikuhusiana na ujuzi uliosikika kwenye rekodi.

Ndiyo maana katika zile saa 10 za mada kubwa, zisizidi 4 darasani. Zilizobaki ni za rekodi na maoni, ama kwa msimamizi, ama kwa kikundi cha watu wanne hadi sita. Iulize bodi mapema kama inazihesabu. Isipozihesabu, zifanye hivyo hivyo, na pengo ulizibe kwa kozi ya kawaida.

Idhini ya mteja iwe ya maandishi, ikitaja nani atasikiliza, rekodi itahifadhiwa wapi na itafutwa lini. Mteja aweze kukataa bila huduma yake kubadilika. Rekodi ikae kwenye kifaa chenye nywila, si kwenye simu inayopigia picha za familia. Usichague kikao kilichokwenda vizuri. Chukua kimoja kwa kubahatisha, kisha kipande cha dakika 20 katikati yake. Kama unajifunza mahojiano ya kuhamasisha, hesabu kwa kalamu: maswali mangapi, na kauli ngapi za kumwakisi mteja, yaani za kumrudishia alichosema kwa maneno yako. Kipimo cha MITI, kinachotumika kupima ubora wa mahojiano hayo, huita kiwango cha kutosha kauli moja kwa swali moja, na kizuri kauli mbili kwa swali moja. Wengi wanaohesabu kwa mara ya kwanza hujikuta na maswali kibao na kauli za kuakisi za kuhesabika. Kwa tiba ya utambuzi na tabia, inayofanyia kazi mawazo na matendo ya mteja, kuna kipimo cha ujuzi wa mtaalamu kiitwacho CTRS chenye vipengele 11, kila kimoja alama 0 hadi 6, jumla 66, na 40 ndiyo hutumika sana kama alama ya kufaulu. Chagua vipengele viwili ulivyo dhaifu. Ukishughulikia vyote 11 kwa pamoja hutashughulikia hata kimoja.

Rudia baada ya wiki 3, 6 na 12. Kikundi kikimsikiliza mwenzao, maoni yataje kitendo na dakika: "dakika ya saba alianza kulia nawe ukauliza kuhusu kazi." Maoni ya aina ya "umefanya vizuri sana, dada" ni ya adabu, lakini hayamfundishi mtu.

Igizo dhima hufaa pale rekodi isipopatikana, ila huharibika kwa njia mbili. Anayeigiza mteja hupona haraka ili kumsaidia mwenzake, au humwigiza mteja mgumu kuliko wote duniani ili kufurahisha chumba. Mpe karatasi yenye hali, lengo na kitu kimoja kinachomlainisha. Dakika 8, ujuzi mmoja, simama, sema, rudia palepale. Marudio ya pili ndiyo yenye faida, nayo ndiyo hukatwa muda ukibana.

Mpango wa usalama wa Stanley na Brown kwa mteja mwenye mawazo ya kujiua ni mfano mzuri wa kitu kinachoonekana rahisi hadi ukifanye. Una hatua sita: dalili za onyo, mambo ya kufanya peke yake, watu na mahali pa kumwondolea mawazo, watu wa kumsaidia, wataalamu wa kuwapigia, na kuyafanya mazingira yawe salama kwa kuweka mbali njia za kujidhuru. Makosa yanayojirudia ni kumpa mteja fomu aijaze peke yake, kuandika maneno ya jumla kama "kupumzika", na kuipita hatua ya sita juu juu kwa kuwa maswali yake yanatia aibu kuuliza. Fanyeni zoezi wawili wawili mpaka hatua ya sita itoke mdomoni bila kusita.

Kama zimebaki wiki tatu

Anza na saa za lazima, kwa sababu hizo hazibadilishwi na nyingine. Kisha za mubashara, maana nafasi hujaa na tarehe hazikungoji. Zilizorekodiwa ziwe za mwisho, nawe uzitazame kwa kasi ya kawaida. Ukiona hazitatimia, iandikie bodi kabla ya tarehe ya mwisho, eleza sababu na uombe nyongeza ya muda. Nyingi zina utaratibu wa ugonjwa, uzazi au dharura, lakini ombi likifika baada ya tarehe husomwa kwa jicho jingine. Usitie tiki kwenye tamko la kutimiza saa ukitarajia kuzimalizia wiki ijayo. Saa pungufu kwa kawaida hufidiwa, ila tamko la uongo linakuwa kesi ya maadili.