Makala hakuwa kichwa ngumu, ni siye hatukuelewana

Kwetu Goma makala ni mkaa, nasema mapema ili mtu wa Dar asidhani naongelea habari za gazeti. Makala ni jina la mbwa wetu. Mweusi mwili mzima, kifuani tu njo iko kadoa keupe kama mtu alimwagia unga wa muhogo. Tulimleta nyumbani akiwa ndani ya kartoni ya sabuni, niko nyuma ya moto (pikipiki) nimeikumbatia ile kartoni, na kila tukikata kona motari ananiuliza "mama, iko nini inalia humo?"

Naandika hii juu (yaani kwa sababu) tangu watu waone Makala anaambiwa kaa na anakaa, kila wiki kuna mtu ananitumia vokali (ujumbe wa sauti) kwenye WhatsApp. Maswali ni yale yale: anakojoa ndani, anauma watoto, usiku halalishi watu, ukimwita anakuangalia tu. Vyote nilipitia na vingi nilivikosea vibaya kabla sijavipata, kwa hiyo chukueni tu haya makosa yangu, nshayalipia.

Kosa la kwanza lilianzia pale pale kwenye kununua. Yule aliyeniuzia aliapa ana miezi miwili. Veterineri akamfungua mdomo, akaangalia kidogo, akacheka: "Mama, huyu ana wiki tano, tukizidisha sita." Mtoto wa mbwa inatakiwa akae na mama yake angalau wiki nane, na si kwa ajili ya kunyonya tu. Kule kwa ndugu zake njo anajifunza kwamba kuuma kuna kipimo, akimbana mwenzake sana yule analia na mchezo unaisha, kesho anabana kidogo. Makala hilo darasa hakulimaliza, akaja kulimalizia kwenye mikono ya watoto wangu.

Na meno ya mtoto wa mbwa msiyadharau. Yako 28, kila moja kama sindano ya fundi. Kijana wangu wa miaka saba alienda shuleni mikono imejaa mistari mpaka mwalimu akanipigia simu. Mimi nikawa nampiga Makala kofi ndogo puani, au namfumba mdomo kwa mkono kama nilivyoona watu wanafanya, na yeye anarudi kwa nguvu mara mbili, mkia juu, juu kwake ule ulikuwa mchezo na mimi njo mchezaji mwenzake. Kilichofanya kazi ni kitu cha ajabu kwa urahisi wake: akiuma, kila mtu anakuwa mti. Mikono ndani ya kwapa, unampa mgongo, hakuna kupiga kelele, hakuna kukimbia, unahesabu mpaka ishirini. Halafu unampa kitu chake cha kutafuna. Siye tulimfanyia kwa mguu wa jeans iliyochakaa, mafundo mawili, inalowanishwa na kuwekwa kwenye friji siku ambayo umeme uko. Kuanzia miezi mitatu minne hivi mpaka sita saba meno yanabadilika na ufizi unamuuma, kitu cha baridi kinamtuliza. Msimpe mfupa wa kuku uliopikwa tafadhali, unapasuka vipande vyenye ncha na vinaweza kumtoboa tumbo.

Lakini nusu ya kuuma kwa Makala ilikuwa usingizi, na hilo lilinichukua mwezi mzima kulielewa. Mtoto wa mbwa analala masaa 18 mpaka 20 kwa siku. Wangu walikuwa wanatoka shuleni saa saba na kitu cha kwanza ni kumwamsha, mmoja anamvuta mguu, mwingine anamwita, mtoto wa jirani naye anapanda ukuta kuja kuona. Ikifika saa kumi na moja jioni mbwa amekuwa mwehu, anazunguka paseli (uwanja wa nyumba) mbio, anauma sketi, anauma kiti, anauma hewa. Nilidhani ana pepo kumbe alikuwa tu amechoka kama mtoto asiyelala mchana. Tukaweka sheria moja, mbwa akilala haguswi, hata mgeni aje kutoka Kinshasa. Wiki moja ile vita ya jioni ikapungua kabisa.

Sasa mkojo. Hapa nitakaa kidogo juu mkojo karibu unitoe na bwana yangu nyumbani.

Nilikuwa nafanya kama kila mtu: nikikuta mkojo kwenye salon (sebuleni) namkamata Makala, naweka pua yake karibu na pale, nafoka, halafu namtupa nje. Na kila nikiingia anajikunja, masikio chini, macho pembeni, nami nasema ona, anajua alichofanya. Hajui. Mbwa haunganishi kelele za saa hii na mkojo wa dakika kumi zilizopita, anachokiona ni sura yako imebadilika na anaogopa. Alichojifunza Makala kutoka kwangu ni kwamba mama akimuona anakojoa kuna hatari, basi akaanza kukojoa nyuma ya fotei (kiti cha sebuleni) ambako siwezi kumuona. Nilimfundisha kujificha kwa mikono yangu mwenyewe.

Kuna na kitu kingine ambacho labda wa Bukavu hawatakijua. Paseli yetu, kama paseli nyingi za hapa, ni mawe ya volkano. Nyeusi, yenye meno, ukipita peku unajua. Asubuhi moja saa kumi na moja nimejifunga kitenge, nimesimama nje na tochi ya simu, namngoja huyu bwana akojoe. Nikamuona anaweka mguu mmoja mbele, anautoa. Anaweka mwingine, anautoa. Anageuka ananiangalia. Anarudi mbio mlangoni na pale kwenye kapeti laini ya kupangusia miguu, mbele yangu, anakojoa kwa raha zake zote. Nikabaki nimesimama. Huyu mtoto hakuwa anakataa nje, alikuwa anakataa kukanyaga mawe! Mbwa anazoea kukojoa juu ya kitu fulani, nyasi, udongo, mkeka, chochote miguu yake ilichokutana nacho mapema, na siye chini yake tuliweka visu.

Nikatuma kijana kwa seremala mmoja anayetengenezaga chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), akaleta gunia la unga wa mbao, tukaongeza udongo kidogo, tukamwaga kwenye kona nyuma ya sitani (tanki) ya maji. Kapeti nikaiondoa. Halafu ratiba, na ratiba ni ya kwako zaidi ya yake: akiamka, nje. Akimaliza kula, ngoja kidogo, nje. Akimaliza kucheza, nje. Katikati ya usiku mara moja. Hesabu nyepesi ni kwamba wa miezi miwili anaweza kubana kama masaa mawili, matatu ukiwa na bahati, usimdai zaidi ya hapo. Akikojoa pale kwenye kona, palepale, kabla hajageuka, anapata sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa Kivu. Ukimpa baada ya kurudi ndani umelipia kurudi ndani. Na pale alipokosea ndani panguseni vizuri kwa maji na vinegre (siki) mpaka harufu iishe, juu pua yake inamrudisha pale pale.

Sambaza kavu njo dola yangu katika hii kazi. Zile ndogo, zisizo na chumvi, unakata moja mara tatu. Inanuka, inabebeka mfukoni (mfuko wako utanuka, zoea), na soko lolote hapa mjini unazipata. Watu wananiuliza kuhusu biskuti za mbwa za dukani, mimi siwezi, watoto wenyewe hawali biskuti kila siku.

Usiku analia? Wangu tulimweka jikoni ya nje, peke yake, na mama mkwe akasema mwacheni atazoea. Siku tatu majirani hawakulala. Ya nne nikaleta kartoni yake karibu na kitanda na kitenge changu cha zamani ndani yake, nikawa nateremsha mkono akilia, na ya tano alilala. Baadaye kidogo kidogo kartoni ikasogea kuelekea mlangoni. Sina zaidi hapo.

Sasa hili la kutosikia. Makala alipofika miezi minne nilikuwa nshasema huyu ni kichwa ngumu, tumrudishe. Unamwita anakaa. Unamwambia akae anakuja. Shemeji yangu akatoa dawa yake: mfunge mnyororo mchana kutwa, umpe pilipili kwenye fufu, atakuwa mkali na atasikia, mbwa wa Kongo anasikia fimbo tu. Hii ya pilipili naona iko kila mahali, na sijui nani aliianzisha, inamchoma mbwa tumbo basi. Na mnyororo wa kutwa unakupa mbwa mwoga anayebwekea hata mtoto wa nyumba. Halafu fimbo. Nilimuuliza shemeji kama anawajua wale mbwa wa kunusa wa hifadhi ya Virunga, pale Rumangabo, wanaofuata njia waliyopita majangili. Mbwa wa kunusa anafundishwa kwa zawadi na mchezo, juu ukimpiga anakataa kazi, pua huwezi kuilazimisha. Wale nao wako Kongo. Shemeji akasema wale wanalipwa. Nikamwambia wa kwangu pia analipwa, sambaza.

Ukweli niliugundua siku moja niko nafua. Makala katikati ya uwanja. Binti mkubwa anamwambia "assis!", yaani kaa kwa Kifaransa, hivyo njo wanavyosoma shuleni. Mdogo anasema "kaa chini!" Mama mkwe, alikulia Kisangani, anapita na sufuria: "vanda!", kaa ya Kilingala. Zamu (mlinzi) wetu kutoka getini anamuita "kuya, kuya", bwana yangu anapiga mruzi, na binti anarudia "assis, assis, assis, Makala assis!" Mbwa akageuza kichwa huku, akageuza kule, akapiga miayo. Miayo ya mbwa katika hali kama ile si usingizi jamani, ni kuchanganyikiwa. Akalala chini kabisa akaweka pua kati ya miguu. Nikaacha nguo kwenye beseni. Watu watano, lugha tatu na mruzi juu yake, mtoto wa miezi minne, na tunasema yeye njo hasikii.

Jioni tukafanya kikao. Maneno matatu tu: kaa, kuya, acha. Nikayaandika kwa makala ukutani jikoni, makala ya kweli. Neno linasemwa mara moja. Ukisema mara tano, kwake amri ni ile ya tano. "Kuya" haitumiki kamwe kumwita aje kuogeshwa au kufokewa, ukitaka kumuogesha mfuate mwenyewe, juu akijifunza kwamba kuya inaleta maji ya baridi hatakuja tena siku ya kufa na kupona. Dakika tatu asubuhi, tatu jioni, unaacha bado anataka. Kwa wiki mbili alikuwa anakaa kabla hata hujamaliza neno, anaangalia mfuko.

Kilichobaki kigumu kilikuwa barabara. Siku moja geti liliachwa wazi na chukudu ikawa inateremka imebeba magunia ya viazi, na yale magurudumu ya mbao mnayajua kelele yake. Makala aliruka kama risasi. Mwenye chukudu akakwepa, gunia likapasuka, viazi barabara nzima, motari wanapiga honi, na mimi niko katikati naokota viazi naomba msamaha. Nililipa gunia zima. Nikaanza upya: tunakaa ndani ya geti, mbali, mahali anaona chukudu lakini mwili wake haujakaza, kila ikipita sambaza moja. Baada ya siku kadhaa hatua mbili mbele. Akikaza, tunarudi nyuma. Ningefanya hivi mapema ingekuwa rahisi zaidi, juu wiki zile za mwanzo mpaka kama ya 14 njo mtoto wa mbwa anapokea kila kitu kama cha kawaida: moto, mwavuli, mvua kwenye mabati, watoto wa sare, mzee wa fimbo. Kama chanjo hazijaisha mbebe mkononi, aone tu. Na Goma tuna na kelele zingine ambazo sina hamu ya kuzitaja hapa, zikija namwingiza ndani nakaa naye chini tu, kumshika mbwa anayeogopa hakumharibu.

Chanjo msicheze nazo. Ya parvo (ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa) na wenzake inaanza wiki ya sita mpaka ya nane na inarudiwa mpaka karibu wiki ya 16, ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, halafu rudisheni kwa wakati veterineri atakaowaandikia. Dawa ya minyoo pia. Na mtoto akiumwa na mbwa yoyote, hata wa nyumbani, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15 nzima, halafu kituo cha afya siku hiyo hiyo, msingoje kuona kama mbwa atabadilika. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo.

Makala sasa ana miezi kumi. Chukudu anaziangalia tu na kunung'unika. Mwavuli mwekundu wa jirani bado hajausamehe. Na juzi wageni wako salon, mama mkwe akapita akasema taratibu "vanda", na mbwa akakaa palepale, mgongo wima kama askari. Neno hilo haliko ukutani. Nimeuliza nani alimfundisha, kila mtu jikoni anaangalia chini, na kopo langu la sambaza limefika nusu.