Vijana wa fildi, hilo faili la .bin halijui anwani

Karibuni Dodoma, poleni na vumbi. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, lakini leo mmoja wenu kanichekesha hadi fundi simu wa mlango wa pili akauliza kulikoni. Katoa .bin (faili la programu linaloandikwa kwenye chipu) ya MB 384 kwa ajili ya STM32F103C8, chipu yenye flashi (kumbukumbu inayotunza programu) ya KB 64, halafu akaja kuomba kompyuta yenye nafasi zaidi. Haya, vuteni viti.

1. Hiyo MB 384 haikutoka hewani. Flashi inaanzia 0x08000000, RAM 0x20000000. Toa, unapata 0x18000000, yaani baiti 402,653,184. Umesahau `AT> FLASH` kwenye .data (vigeu vyenye thamani za mwanzo) ndani ya skripti ya linka (programu inayounganisha vipande na kuvipangia anwani), kwa hiyo objcopy, inayogeuza ELF kuwa bin, imeelewa kwamba data nayo ipakiwe kwenye RAM, ikajaza sifuri pengo lote katikati bila kuuliza. Ingefanyaje? ELF, faili linalotoka kwa linka, ina vichwa, Intel HEX inabeba anwani zake, lakini .bin ni baiti tupu toka ya kwanza hadi ya mwisho. Anwani unazo wewe kichwani.

2. Kubadili jina kutoka .elf kwenda .bin si kutengeneza bin, jamani. Fungua na xxd, inayoonyesha baiti moja moja. Ukikuta 7f 45 4c 46 mwanzoni, umeflashi kichwa cha ELF. Cortex-M, kiini cha chipu hii, inasoma baiti 4 za kwanza kama kilele cha steki, kwa hiyo thamani itakayosomwa ya steki yako ni 0x464c457f. Kila la heri. Baiti 4 zinazofuata ni anwani ya kuanzia, nayo lazima iwe witiri kwa sababu ya Thumb, seti ya amri za Cortex-M.

3. Faili la .o, linalotoka kwa kompaila kabla ya linka, halijaiva. Ukiruka linka ukaenda moja kwa moja objcopy, kila `bl` (amri ya kuita fanksheni) ya kwenda faili lingine itabaki ff f7 fe ff, maana yake inajirukia yenyewe milele. Kisha mnasema bodi imeganda.

4. `-j .text`, yaani chukua sehemu ya .text (kodi) peke yake. Hapa nivumilieni, maana hii ni ya kwangu. Tulikuwa na kifaa cha kufungua na kufunga valvu za matone kwenye shamba la zabibu, upande wa Hombolo. Mimi ndiye nilikuwa fundi mkuu, yaani fundi pekee. Nikaokota kwenye daftari langu la zamani amri ya objcopy yenye `-j .text`, iliyofaa vile vimfano vidogo visivyo na kigeu hata kimoja nje ya fanksheni. Nikaibandika kwenye Makefile (faili la maagizo ya kujenga programu), bin ikapungua, nikajiona mjanja. Vekta (jedwali la mwanzo lenye steki na anwani ya kuanzia) na .rodata (data isiyobadilika) zetu zilikuwa ndani ya .text, kwa hiyo kifaa kiliwaka. Mezani valvu ilifunguka, dakika 20, ikajifunga. Safi kabisa.

Nilichokiacha nje ni .data, zile thamani za mwanzo ambazo kodi ya kuanzia huzinakili kutoka flashi kwenda RAM. Bodi ya mezani haikulalamika kwa kuwa niliwahi kuiflashi na bin kamili. Kurasa za flashi ya chipu ile ni za KB 1, na programu yangu ya kuflashia ilifuta zile tu zilizoguswa na faili. .data ilikuwa imeangukia mwanzo wa ukurasa unaofuata. Kodi sikuigusa, anwani hazikusogea, thamani za zamani zikabaki palepale zikinidanganya.

Bodi za shambani zilikuwa mpya. Flashi isiyoandikwa husomeka FF. Muda wa kumwagilia ukawa 0xFFFFFFFF: dakika 4,294,967,295, zaidi ya miaka 8,000. Valvu zikafunguka jioni, tukapeana mikono tukaondoka. Asubuhi tenki kavu, na maji yale yalikuwa ya kununua, ya boza. Mwenye shamba, mzee wa Kigogo, hakufoka. Nikamwamkia "Mbukwa", akaitikia vizuri, akalitazama tenki, akanitazama mimi: "Mwanangu, mashine yako ndiyo imekunywa mvinyo?"

Boza la pili nililipa mimi. Na hata hapo sikushika akili haraka. Nilishinda juani nikibadilisha relei na nyaya, nikilaani chipu feki, huku kidibaga (kifaa cha kuchungulia ndani ya chipu) kimelala kwenye begi. Nilipokitoa jioni na kuona FFFFFFFF ndani ya RAM, sikuhitaji hata kufungua Makefile.

5. .bss (vigeu vinavyoanza na sifuri) haiingii kwenye bin, kuisafisha kuwa sifuri ni kazi ya kodi yako ya kuanzia. Ukitumia `--gc-sections`, inayotupa sehemu zisizotumika, zungushia vekta `KEEP`, la sivyo linka itazitupa. Endesha `arm-none-eabi-size`: text jumlisha data ikaribiane na ukubwa wa bin. Ningefanya hivyo, mzee angebaki na maji yake.

6. Tunza .elf ya kila .bin inayotoka ofisini. Bodi ikianguka huko Kondoa na mteja akakutumia anwani ya kosa, addr2line, inayogeuza anwani kuwa mstari wa kodi, haitatoa mstari wowote kwenye .bin.

Kabla ya kuniita, endesha `arm-none-eabi-objdump -D -b binary -m arm -M force-thumb` kwenye faili lako, uone baiti zake kama amri. Baiti za mwanzo zitaonekana kama amri za ajabu. Ni vekta hizo, msije mkanikimbilia nazo.