Nyanya kuoza kitako baada ya masika
Ndugu, umeuliza kwa nini nyanya zako za kwenye ndoo zinaota doa jeusi kitakoni tangu masika yaishe, ingawa umepuliza dawa ya ukungu mara mbili. Dawa hiyo haitasaidia, kwa kuwa tatizo ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, ambao hutokea hata udongo ukiwa nayo ya kutosha, kwani madini hayo husafiri pamoja na maji, na mmea unaoachwa ukauke siku tatu kisha ukafurikishwa hushindwa kuyafikisha kwenye tunda. Mwagilia kila asubuhi kwa kiasi kilekile, tandaza nyasi kavu juu ya udongo, na upunguze mbolea ya yurea, ambayo wengi wetu huimwaga kwa ukarimu uliopitiliza. Matunda yenye doa yachume, hayatapona.