Ukuta wa kupanda ndani ya godauni: maswali yenu kuhusu bima

Kupanda ukuta kuliingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Tangu hapo vijana wanaotaka kufungua kumbi za mchezo huo wananiuliza jambo lilelile kwa sura nyingi: mtu akianguka, nani atalipa? Nimekuwa dalali wa bima hapa Dodoma kwa miaka mingi. Nimechagua barua hizi.

*Shikamoo. Nimekodi godauni Kizota, nataka kuweka ukuta wa mita nne usio na kamba, chini magodoro mazito. Wakala ameniambia nikikata bima ya moto na wizi nimemaliza. Ni kweli? (Kijana wa Kizota)*

Marahaba, mwanangu. Si kweli. Moto na wizi ni bima ya vitu vyako: mbao, vishikio, magodoro, kompyuta ya mapokezi. Anayevunjika mguu si kitu chako. Kitu cha kwanza kutafuta ni bima ya dhima kwa umma, ambayo hubeba fidia na gharama za kesi pale mteja au mgeni anapoumia kwa uzembe wako au wa mtu wako. Urefu wa mita nne usikutulize. Kwenye ukuta usio na kamba kila anayeteleza anafika chini, na kifundo cha mguu hakihitaji ghorofa tatu ili kivunjike.

Kabla hujalipa, muulize wakala kikomo cha malipo kwa tukio moja na kikomo cha mwaka mzima, kwa kuwa ni namba mbili tofauti. Muulize pia ikiwa mteja akimwangukia mteja mwenzake, hati inasemaje.

Sasa nisikilize kwa makini hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Kwenye fomu ya maombi andika shughuli yako kwa jina lake: watu wanapanda ukuta wa mita nne bila kamba, umri kuanzia huu, idadi hii kwa wakati mmoja. Usiandike "jimu". Usiandike "ukumbi wa michezo". Bima inasimama juu ya ukweli wote kusemwa kabla ya mkataba, hata ule usioulizwa. Niliwahi kuletewa madai na mama mmoja aliyekuwa na bembea na ngazi za kamba za watoto. Mtoto alianguka, akavunjika mkono. Mama alikuwa analipa kila mwaka bila kuchelewa, risiti zote anazo kwenye bahasha ya kaki. Tulipofungua fomu yake, shughuli iliyoandikwa na aliyemwuzia bima ni "ukumbi wa sherehe". Kampuni ilikataa kulipa, na kwa maandishi yale sikuwa na pa kushika. Mama aliuza kiwanja. Tangu siku ile simruhusu mteja asaini fomu aliyojaziwa na mtu mwingine mpaka aisome mstari kwa mstari mbele yangu, kwa sauti.

Wakala akikujibu kwamba kitu hiki hakijulikani, nenda kwa dalali aliyesajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Dalali anaweza kupeleka maombi yako kwa kampuni kadhaa, wakati wakala anauza ya kampuni anazoziwakilisha tu.

*Kila mteja wangu anasaini karatasi kwamba akiumia ni juu yake. Kuna haja gani ya bima? (Mwenye jimu, Nkuhungu)*

Karatasi hiyo ni nzuri, endelea nayo. Inaonyesha ulimweleza mteja hatari, naye akaelewa. Ila kama kishikio kililegea wiki nzima na mwalimu wako akakiona akanyamaza, usitegemee sahihi ya mteja ikusafishie uzembe huo. Na chini ya miaka 18 sahihi ya mtoto haimfungi, maana sheria yetu ya mikataba haimtambui kama mtu mwenye uwezo wa kuingia mkataba. Mzazi asaini kukubali mtoto apande, sawa, lakini usidhani mzazi ameuza haki ya mtoto ya kudai. Shule zikikuletea madarasa mazima, ongeza bima ya ajali binafsi kwa wanaopanda. Hiyo hulipa matibabu mpaka kiasi mlichokubaliana bila kwanza kubishana nani mkosaji, na mzazi anayesubiri hospitali anahitaji fedha jioni ileile.

*Mwenye jengo anasema jengo lina bima, mimi nisihangaike. (Mama Neema, Kisasa)*

Mama Neema, bima yake ni ya jengo lake. Tangu 2022 majengo ya biashara yamo kwenye orodha ya vitu ambavyo sheria inataka vikatiwe bima, kwa hiyo amefanya linalompasa. Ukuta wako na vifaa vyako havimo. Unapovikatia bima taja thamani kamili. Kama vina thamani ya shilingi milioni 120 ukavikatia milioni 60 ili upunguze ada, umekata nusu. Moto ukiteketeza vya milioni 30, hesabu itakupa milioni 15, halafu watoe kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unakutaka ubebe mwenyewe. Na kwa sisi wa Dodoma, tulio kwenye Bonde la Ufa na tunaosikia vyombo vikigongana kabatini ardhi inapotikisika, hakikisha tetemeko na mafuriko vimeandikwa ndani. Bima ya moto ya kawaida inaweza kuviacha nje.

*Mwalimu wangu namlipa kwa siku. Naye nimkatie bima? (Bila jina, Ilazo)*

Msajili WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ni wajibu wa kila mwajiri Tanzania Bara, na mchango wa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya mishahara. Kulipwa kwa siku hakumwondolei mtu ajira yake. Bima ya dhima kwa umma kwa kawaida haimgusi mfanyakazi wako.

*Nimetajiwa ada ya milioni mbili nikaletewa ankara ya 2,360,000. Nimeibiwa? Na nifanyeje ishuke? (Kaka wa Miyuji)*

Hujaibiwa, ile 360,000 ni VAT ya asilimia 18. Lipa kabla hujafungua mlango, maana bima isiyolipiwa haijaanza.

Kuhusu kushusha ada, mkaguzi wa kampuni ya bima akija mwonyeshe daftari la vifaa. Nilisindikizana na mkaguzi mmoja: hakuangalia ukuta kwanza, alichukua mkanda wa kiunoni, ule mpandaji anaofungiwa kamba, akaukunja kwenye kitanzi cha kamba na kupitisha ukucha juu ya mshono polepole, kitanzi hadi kitanzi. Uzi mmoja ulikuwa umesimama. Akauliza mkanda ulinunuliwa lini. Hakuna aliyejua. Andika tarehe ya kununua kila mkanda na kila kamba, tarehe ya kukagua, jina la aliyekagua. Nailoni hata isipotumika huzeeka, na jua huila. Kwa hiyo usitundike kamba chini ya lile bati linalopitisha mwanga, na usiziweke chumba kimoja na betri za sola, kwa sababu asidi huila nailoni bila kuacha alama ya kuonekana.

*Juzi dada mmoja alianguka, mkono umeteguka. Nifanye nini sasa? (Mwenye ukumbi, Area D)*

Pole kwake, na pole kwako. Matibabu kwanza. Mpigie simu, mjulie hali, hilo halikuhukumu. Usimwandikie kwamba ulikosea wala usimwahidi kiasi cha fedha kabla kampuni ya bima haijajua, mikataba mingi inakataza. Itaarifu kampuni leo kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikukatalia na huridhiki, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, peleka shauri lako huko. Andika majina na simu za waliokuwepo wangali wanakumbuka, piga picha ya pale alipotua, na mkanda aliokuwa amevaa utie kwenye mfuko, uandike tarehe, uufungie kabatini. Usiufue.