Waya wa data nao unaunguza

Mdogo wangu unayeanza kufunga betri za lithiamu, najua macho yako yako kwenye nyaya nene. Ni haki yake: seli 16 ni volti 51 na ushee, zikigusana na spana utaona cheche. Ila bodi ya kwanza kuniungulia iliunguzwa na waya wa data, ule unaopeleka taarifa za betri kwenye inveta, mwembamba kama kamba ya kiatu.

BMS nyingi, yaani bodi zinazolinda seli, zina hasi mbili. B- inatoka kwenye seli, P- inakwenda kwenye inveta, na katikati zipo transista zinazokata umeme seli zikishuka mno. Tatizo ni kwamba tundu la UART, la kuchomeka waya wa data, mara nyingi hasi yake imeshikwa na B-. Mimi niliiunganisha moja kwa moja na tundu la inveta, ambalo hasi yake ilikuwa ya upande wa P-. Siku kadhaa mambo yakawa shwari. Usiku mmoja betri ikaisha, BMS ikakata, umeme ukatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye seli, ukaipata kwenye waya wangu. Ganda liliyeyuka lote.

Tangu hapo sifungi bila adapta inayotenganisha umeme wa pande mbili. Ukitaka kuamini, BMS ikiwa imekata na mzigo ungali umeunganishwa, pima kati ya B- na P-. Utakuta karibu volti zote za betri zimesimama pale.

Usidanganywe na plagi ya RJ45. Inafanana na ya intaneti, lakini kila kiwanda hupanga pini zake kivyake. Soma vitabu vya pande zote mbili, kisha bana zile pini zinazohitajika tu.

Kwa CAN, aina ya mawasiliano ya data yenye nyaya mbili, H na L, sokota nyaya hizo pamoja, weka kizuizi cha omu 120 kila mwisho. Zima kila kitu, pima kati ya H na L: 60 ni sawa, 120 kimoja hakipo, 40 umezidisha kimoja. RS485, aina nyingine yenye nyaya A na B, ikikaa kimya, jaribu kubadilisha A na B. Majina hayo viwanda havikubaliani.

Kabla ya kumkabidhi mwenye nyumba, chomoa waya wa data makusudi uone kama inveta inaacha kuchaji au inaendelea. Jibu liandike kwa wino mzito ubavuni mwa betri.